Fuso ya 1:200 na mnara ulionipindia mara mbili

Kila niliyemwambia nataka kuunda manowari ya Kijapani kwa mkono, bila boksi la vipande vya kiwandani, alinijibu neno moja: Yamato, ile manowari kubwa ya Kijapani ya vita vya pili vya dunia. Sina ugomvi na Yamato, ila mnara wake ni laini mno, hauna pa kumtesa fundi. Mimi nilitaka Fuso, ile yenye mnara kama lundo la sahani za harusi zilizopangwa na mtu mwenye haraka. Ilijengwa Kure, ikaingia kazini Novemba 1915, ikafumuliwa na kusukwa upya miaka ya 1930, ikazama kwenye mlango-bahari wa Surigao, Ufilipino, Oktoba 25, 1944. Niliyoiunda ni ile iliyosukwa upya, na hapo ndipo ushauri mbaya wa kwanza uliponinasa.

Niliambiwa: pata mchoro wowote, ukuze mpaka urefu ulingane na kipimo chako, kata. Kwa 1:200 mita moja ni milimita 5. Fuso ya mwisho ilikuwa na urefu wa mita 212.75, yaani milimita 1,064 mezani. Nikachukua mchoro wa umbo la 1915, nikaukuza mpaka 1,064, nikakata mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) yote. Siku nilipopanga tureti (vibanda vya mizinga vinavyozunguka) za kadibodi juu ya mifupa ile na kuilinganisha na picha, hakuna kilichokaa mahali pake. Sababu ni rahisi na inaudhi: Wajapani hawakuivuta meli yote kama mpira, waliongeza mita 7.62 tezi, yaani nyuma, peke yake. Kwangu hizo ni milimita 38, na zote zilitakiwa ziende nyuma. Mimi nilizisambaza toka omo, yaani mbele, mpaka tezi, kwa hiyo katikati ya meli kila kitu kilirudi nyuma karibu milimita 19. Hiyo ni karibu mita nne za meli halisi. Plaiwudi ile sasa ni rafu ya makopo ya rangi, na ni rafu nzuri.

Tukiwa bado kwenye michoro: chora mistari miwili ya milimita 100 kwenye ukurasa kabla ya kuchapisha, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kisha ipime kwenye karatasi. Mashine niliyochapia ilinipa 100 upande mmoja na 98.5 upande wa pili. Kwenye karatasi moja huioni kasoro hiyo. Kwenye meli ya mita moja ni milimita 15.

Mkuku wa pili niliutengeneza kwa plaiwudi mbili za milimita 3 zilizogundishwa, mpindo wa moja ukitazamana na mpindo wa nyingine, zikalala chini ya matofali usiku kucha. Plaiwudi moja ya milimita 6 inaonekana imara, lakini ikishapinda hairudi. Mataruma ni ya milimita 4, yamepishana milimita 50 katikati na 25 kule omo na tezi ambako umbo linageuka haraka. Kupigilia mbao sielezi. Aliyeona jahazi likiundwa anajua mwendo wake. Niseme moja tu: usipeleke mbao zote za upana wa milimita 6 mpaka omo. Zipunguze mpaka nusu, la sivyo zitapandana.

Matumbo ya pembeni, yale yaliyoongezwa kukinga torpedo, niliyafanya kama walivyofanya wao. Nilimaliza kwanza meli yenye upana wake wa zamani, mita 28.7, yaani milimita 143.5, ndipo nikaongeza tabaka la milimita 11 kila upande kufikia upana mpya wa mita 33.1. Ukilichonga tumbo kwenye taruma tangu mwanzo, ile kona inapoungana na ubavu inapotea kwenye msasa, na ndiyo inayoonyesha kwamba meli hii ilinenepeshwa ukubwani. Kabla ya puti, paka epoksi nyepesi ndani ya ubavu wote. Mimi naishi karibu na bahari, na mbao ambazo hazikupakwa ndani zilifungua nyufa kwenye puti baada ya mvua za kwanza.

Sasa mnara. Kwenye meli halisi kilele chake kilikuwa karibu mita 40 juu ya maji, na ndani yake mna mlingoti wa zamani wa miguu mitatu uliorundikiwa majukwaa mwaka hadi mwaka. Ushauri niliopewa na watu watatu tofauti: anza chini, gundisha sakafu, kuta, sakafu, kuta, mpaka juu. Nikafanya. Sakafu 14 za plastiki ya milimita 1, kuta za nusu milimita, kila moja nimeipiga guni (kipimo cha pembe mraba), kila moja imenyooka. Nilipofika juu nikashusha timazi: mnara umelalia kushoto milimita 4. Nikaufumua nikijua ni sakafu moja tu iliyokosea. Haikuwepo. Kila moja ilikuwa na unywele wa kosa, ukuta mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa sehemu ya kumi ya milimita, jambo ambalo guni halilioni, na makosa yote yalielekea upande mmoja kwa sababu nilikuwa nashikilia msasa kwa mkono uleule.

Mnara wa pili niliujenga vilevile kwa uangalifu maradufu, maana kichwa changu ni kigumu. Ulisimama wima, nikajisifu, nikaupaka rangi ya msingi. Baada ya wiki mbili kuta za sakafu za kati zikabonyea ndani kama mashavu ya mzee asiye na meno. Nilitumia gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, nikaimwaga kwa ukarimu ndani ya vijisanduku vilivyozibwa pande zote. Mvuke haukuwa na pa kutokea, ukabaki humo ukilainisha kuta polepole. Tangu hapo kila kisanduku ninachofunga kina tundu la milimita 1 chini yake, mahali pasipoonekana.

Wa tatu ndio huu uliosimama, na siri yake naitoa bure. Nilikata vipande 14 vya plastiki vya mstatili, vyote sawa, vikubwa kuliko sakafu kubwa kuliko zote. Nikavibana pamoja kama karata na kuvifunga kwa tepu, nikatoboa matundu matatu kupita vyote kwa mkupuo mmoja kwenye drili ya kusimama: moja la milimita 3 pale unapopita mguu mkuu wa mlingoti, na mawili ya milimita 1.5 kwa nyuma. Drili ya mkononi usiijaribu, itaingia wima na kutokea mshazari. Ndipo nikavitenganisha, nikabandika mchoro wa kila sakafu nikifuata matundu, nikakata kila moja kwa umbo lake.

Baada ya hapo mnara haujengwi, unatungwa kama shanga. Fimbo ya brasi ya milimita 3 inasimama katikati, fimbo mbili nyembamba zinazuia sakafu kuzunguka, na kati ya sakafu na sakafu kuna kipande cha bomba la brasi kilichokatwa kwa urefu kamili. Kimo kinashikwa na mabomba. Kuta ni pazia tu, nazikata fupi kidogo ili zisibebe kitu. Vipande vya bomba nilivipima kwa kalipa kimoja kimoja, na kilichozidi hata sehemu ya ishirini ya milimita kilirudi kwenye tupa. Uzuri mwingine ni kwamba unachomoa sakafu yoyote, unaipaka rangi peke yake, unaweka darubini na vidirisha vyake, unairudisha. Kwa njia ya wale washauri wangu watatu, brashi haifiki sakafu ya sita hata ukiifunga kwenye kijiti. Miguu miwili ya mshazari huingia mwisho, kwa vipande vifupi kati ya sakafu, na hakuna jicho linalogundua kuwa haijapita moja kwa moja.

Kuna mtego mmoja wa Fuso ambao pacha wake Yamashiro hana. Tureti ya tatu, iliyo kati ya mnara na dohani, kwenye Fuso ilielekea mbele. Kwenye Yamashiro ilielekea nyuma. Manati ya kurushia ndege iliwekwa juu ya tureti hiyo, na mizinga ikiwa imetazama mnara ilibidi mguu wa mnara ubanwe kwa nyuma, ndiyo maana unaonekana kama umekatwa kiuno. Usipobana kiuno hicho, mizinga inagonga ukuta. Weka tureti ya tatu mahali pake kabla ya kukata sakafu mbili za chini, izungushe, uone nafasi. Ukiishia kuigeuza itazame nyuma, umeshaunda Yamashiro bila kukusudia.

Mizinga mikuu ni 12, ya milimita 356, miwili miwili kwenye tureti sita. Nilikereza kwa brasi ya milimita 5 iliyobanwa kwenye drili, tupa mkononi. Mzinga mmoja ni raha, kumi na mbili inayofanana ni adhabu. Ncha ya mbali hucheza, kwa hiyo toboa kijitundu kwenye kibao, kipake mafuta, ncha izungukie humo. Kata pia kigezo cha plastiki ngumu chenye pengo la umbo la mzinga, uwe unakisimamisha juu yake kila baada ya tupa chache. Nilikereza 17 nikachagua 12. Mdomo nilitoboa kwa biti ya 1.8, kabla ya kukereza. Ukitoboa baada, biti inahama na mzinga unakuwa na makengeza. Vile vitambaa vyeupe kwenye shina la mizinga ni karatasi ya tishu iliyolowekwa gundi nyeupe iliyoongezwa maji, ikakunjwa kwa kibanio ikiwa mbichi.

Vidirisha vya ubavuni: biti ya 1.6, mstari wa penseli, na tepu ya karatasi juu ya mbao ili zisichanike. Juu ya kila kidirisha kuna nyusi ya kuepusha maji. Nilichuna waya wa umeme, nikavingirisha uzi mmoja wa shaba kwenye mpini wa biti, nikakata katikati. Kila mzunguko unatoa nyusi mbili. Sikuzihesabu, na nashauri na wewe usizihesabu.

Sitaha ni vipande vya mbao nyembamba vya upana wa milimita 1, ambavyo kwa kipimo hiki ni sentimita 20 na vimezidi. Nilijaribu vya 0.7, vikapasuka vyote. Nimekubali.

Kuhusu kijivu watu watagombana mpaka kesho. Viwanda vya jeshi vya Kure, Sasebo, Yokosuka na Maizuru kila kimoja kilikuwa na kijivu chake. Mimi nilichukua cha Kure nikakiongeza nyeupe kidogo, kama sehemu moja kwa nane, kwa sababu rangi kamili ya meli ikipakwa kwenye kitu cha mita moja inaonekana nzito kama masizi. Ijaribu kwenye kopo tupu, ulitoe nje juani. Taa ya chumbani inadanganya.

Gharama? Plaiwudi na mbao hazikunisumbua. Brasi ndiyo iliyokula pesa, na mabomba membamba nililazimika kuyaagiza nje. Plastiki niliipata kwa mafundi wa mabango, mabaki wanayoyatupa, kwa bei ya soda na maneno mazuri.

Mnara mpaka leo haujaguswa na gundi. Fimbo ya milimita 3 inapita kwenye sitaha na kufungwa na nati moja chini yake, kwenye tundu nililoliacha mkukuni. Mtu akiugonga, unazunguka kidogo na kulegea. Nageuza meli, nakaza nati, nashusha timazi.