Siku moja maishani mwangu: jezi namba 3, Edinburgh

Nikirudi Nakuru likizoni, wajomba huniuliza mbona hawanioni nikikimbia na mpira kwenye televisheni. Kwetu Kenya raga ni ile ya wachezaji saba, na sina ugomvi nayo: ilizaliwa Melrose, huku Scotland, mwaka 1883, kwa wazo la muuza nyama aliyeitwa Ned Haig. Ni karibu tu na kwa baba yangu. Lakini mimi nacheza ile ya wachezaji kumi na tano. Mimi ni propu, mmoja wa wawili wa pembeni katika mstari wa mbele, na kazi ya propu haionekani, basi nawaandikia Jumanne yangu moja.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Desemba, nje bado ni usiku. Kabla ya kushuka kitandani nikageuza shingo kushoto, kisha kulia. Kulia ilifika nusu. Siku tatu baada ya mechi, si haba. Uji wa oti, mayai matano, chai. Asubuhi mtoto hupelekwa shule na mke wangu. Kumchukua saa tisa na robo ni zamu yangu.

Saa mbili kasorobo: mizani (kilo 117), fomu ya nimelalaje na wapi panauma, kisha video ya mechi ya Jumamosi. Saa tatu hadi nne na nusu, vyuma.

Saa tano, skramu: timu mbili zinainama, zinashikana na kusukumana kugombea mpira. Hapa ndipo mshahara wangu unapotoka. Nane kwa nane, zaidi ya kilo 800 kila upande. Propu namba 1 anabeba kwa bega moja. Namba 3, kama mimi, kichwa chake kinaingia kati ya propu wao na huka wao, yule wa katikati ya mstari wa mbele, mabega yote mawili yanabeba, na nyuma loko, mchezaji wa mstari wa pili, anasukuma. Kocha anaita: inama, shika, ingia. Mvua ya theluji ilikuwa inatupiga, buti zinatafuta ardhi. Nyonga ikipanda kidogo tu, mgongo unakunjika na walio nyuma wanakuja juu yako. World Rugby, shirika la raga duniani, walishauri mwaka 2021 mazoezi ya skramu na ya mipira ya kurushwa kwa nguvu zote yasizidi dakika 30 kwa wiki. Aliye kwenye kochi ataziona chache. Siku hiyo tulizimaliza zote, na katika skramu ya mwisho nilihisi uzi wa moto ukishuka kutoka shingoni hadi kidole gumba.

Saa saba kasoro dakika kumi nikatoka uwanjani, nikamkuta mtu amesimama na kitambulisho mkononi. Afisa wa kupima dawa za kusisimua misuli. Kuanzia hapo hutoki machoni pake. Ukioga yupo, ukiweka barafu yupo.

Zinatakiwa mililita 90 za mkojo. Mwili uliomwaga jasho namna ile hauna. Jaribio la kwanza: fulana imepandishwa kifuani, suruali imeshushwa magotini, mwanamume nisiyemjua anatazama, maana sheria inamtaka aone mkojo ukitoka mwilini. Mililita 50. Zikafungwa, tukasubiri. Nikaandika kwenye fomu kila dawa na kila kirutubisho nilichomeza siku saba zilizopita, hadi dawa ya kikohozi. Alinionya nisinywe maji kupita kiasi, lakini mimi nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Nikanywa chupa tatu.

Saa nane na nusu nikatoa tena, zikachanganywa, 90 zikapita. Akadondosha matone kwenye kipimo chake kidogo, akasoma, akatikisa kichwa. Mwepesi mno, maji yamezidi. Tuanze upya.

Nikampigia mke wangu aombe ruhusa kazini. Wenzangu walishakwenda. Msafishaji alipita na ndoo, akapita tena. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sinywi kitu, shingo inakazana, saa sikuitazama tena. Nilijua tu giza limeingia, na huku Desemba jua huzama kabla ya saa kumi.

Hatimaye ukapatikana wenye rangi. Nikachagua mwenyewe sanduku lenye chupa mbili, A na B, nikamimina mwenyewe, nikakaza vifuniko, tik tik tik, hadi vikakataa kugeuka. Nikalinganisha namba za chupa na za fomu, tarakimu kwa tarakimu, nikatia sahihi. Mkono ulitetemeka kwa njaa, ila sahihi ile huitia kwa fahari. Nina miaka 31. Mkataba unaisha Juni, na kuna kijana wa miaka 21 anaisubiri jezi hii. Kila kilo niliyoisukuma nimeisukuma kwa chakula na usingizi.

Nyumbani, Mama akapiga simu kutoka Nakuru, kwao usiku umeshakwenda.

“Shingo?”

“Iko, Mama.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

Nikajilaza sakafuni. Binti yangu hakuuliza mbona sikuja shuleni. Alileta barafu kutoka kwenye friji, akaizungushia taulo la jikoni kama alivyoniona nikifanya, akaisukuma taratibu chini ya shingo yangu. Kisha akalala ubavuni pangu na kitabu chake cha shule, akaanza kunisomea. Ukurasa wa pili sikuusikia.