Nguzo ambazo vaibreta haikuweza kuingia

Nguzo za jengo lile la Tanga zilikuwa zimepasuka kwa kutu ya nondo, chumvi ya bahari imefanya kazi yake. Tuliamua kuzivisha koti la zege. Tukazungusha nondo mpya, tukafunga mbao, na nafasi iliyobaki ikawa sentimita 8 tu, nayo imejaa vyuma. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege ili lijae vizuri, haipiti humo. Ukimimina zege la kawaida, siku ya kufungua mbao utakuta matobo na nondo zinakuchungulia.

Nilihitaji zege linalojisambaza lenyewe, aina waliyoibuni Wajapani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kulifanya litiririke si shida, plastisaiza, kemikali ya kulainisha zege, inatosha. Shida ni litiririke bila kuachana, kokoto zisizame wala maji yasipande juu. Na mchanga wetu leo unakuja mkavu, kesho umelowa mvua, kwa hiyo maji yanazidi bila mtu kuyaongeza.

Ndipo nikatumia poda ya selulosi, HPMC, ileile inayotiwa kwenye gundi ya vigae. Mwenye jengo alifurahi akidhani ni zao la mkonge wa kwao. Nikamweleza kwamba kwa kawaida hutokana na massa ya mbao au pamba, ikatiwa kemikali ili iyeyuke majini. Ikishayeyuka, maji yanakuwa mazito kiasi cha kubeba mchanga na kokoto.

Kabla ya kununua, uliza plastisaiza yako ni ya aina gani. Za naftalini hazipatani na selulosi. Mimi nilichukua ya polikaboksileti. Poda usiimwage kwenye maji baridi, itafanya madonge yasiyoyeyuka. Niliipima kwenye mizani ndogo, gramu 25 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, nikaichanganya ikiwa kavu na saruji kwanza, maji baadaye. Mashine isizungushwe mno, kwa sababu poda hii huvuta hewa, na povu likizidi zege linapungua nguvu.

Fundi mkuu alipoliona akasema, "Mhandisi, hili ni uji, tutalia."

"Subiri kipimo, fundi."

Tukaweka koni ya slampu, ile ya kupimia ulaini wa zege, juu ya bati lililolowanishwa, tukaijaza bila kushindilia, tukaiinua. Zege likatandaa duara la karibu milimita 700. Mimi hapo huangalia ukingo kuliko namba: ukiona mkanda wa maji matupu na kokoto zimebaki katikati, hilo usilimimine. Letu kokoto zilifika hadi mwisho. Fundi akachutama, akapitisha kidole ukingoni, akaagiza ndoo.

Tulimimina upande mmoja wa nguzo mpaka zege likapanda upande wa pili, hewa itoke mbele yake. Viungo vya mbao tulikuwa tumeviziba vizuri na kuongeza viegemeo, maana zege hili husukuma sana na hupenya penye upenyo wowote. Kushika lilichelewa, kama ilivyo kawaida ya selulosi, kwa hiyo nikaziacha mbao muda zaidi, ingawa mwenye jengo alikuwa na haraka.

Zilipofunguliwa, pembe zilikuwa kamili na hakuna nondo iliyoonekana. Slabu ya kawaida siitilii poda hii. Pale vaibreta inaingia, na hela ya poda bora inunue mchanga safi.