Siku yangu moja Moshi: duka huku, godauni kule, bajeti laki nne

Saa 1 na nusu asubuhi

Kazi ya leo ni ya kufunga mtandao wa kompyuta, iko Majengo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mama mmoja ambaye utani wote anao ila sio kwenye hela. Natoka Pasua na boda, mlima umefunguka wote leo, abiria wa boda nyingine wanapiga picha, mi macho yako kwenye mapaa ya watu natafuta miti mirefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umekunywa chai?"

Hapa ukisema ndiyo unaletewa, ukisema hapana unaletewa. Mtori bakuli zima na chapati mbili, tukaanza kuongea kazi.

Hali iko hivi. Dukani kuna kompyuta mbili za mauzo, printa, na ruta ya kampuni ya intaneti. Ng'ambo ya barabara kuna godauni la simenti, nondo na mabati, kama mita 140 hivi kwa hatua zangu, na kule kuna kompyuta moja ya stoo, kamera nane na NVR yake (mashine ya kurekodi kamera), pamoja na karuta kazee ka nyumbani ambako hakana hata intaneti, kapo tu kanagawa IP, yaani zile namba za anwani za kila kifaa kwenye mtandao. Mitandao miwili isiyojuana kabisa. Dukani wakiuza mifuko 50 wanampigia simu kijana wa stoo, anaandika kwenye daftari, jioni wanakaa kugombania hesabu. Mama anataka stoo isome programu ya mauzo moja kwa moja, na yeye akiwa kaunta aone kamera za godauni. Bajeti laki nne. "Na hata mia isiongezeke."

Saa 3 asubuhi

Kijana wa kaunta kanisikiliza weee, afu akauliza kitu ambacho kila mteja anauliza: "Kaka si uweke swichi moja huku na moja kule, uvute waya, yaishe?"

Swichi, kile kiboksi cha kugawa waya wa mtandao, ni rahisi kweli, na kama ingekuwa vyumba viwili kwenye jengo moja ningemwambia twende. Ila hapa kuna mambo. Waya wa shaba wa mtandao mwisho wake ni mita 100, ukizidisha unaweza ukabahatisha wiki moja wiki ya pili ukaanza kuitwa usiku. Afu unavukaje lami? Na hata ungevuka, waya wa shaba kati ya majengo mawili yenye umeme tofauti na earth (waya wa ardhini) tofauti, masika haya ya Kilimanjaro na radi zake, radi ikipiga jirani tu inasafiri na waya inakuja kukusalimia kwenye swichi zote mbili.

Faiba ndo jibu zuri kwa radi maana ni waya wa kioo, na kioo hakipitishi umeme, na vile vikonveta vya kubadilisha faiba kuwa waya wa kawaida siku hizi sio ghali hivyo. Shida ni ileile, barabara. Nguzo, vibali, fundi wa kuunganisha. Laki nne inaishia kwenye nguzo.

Dogo mwingine pale akaleta wazo la kompyuta ya zamani iko stoo, tuiwekee kadi mbili za mtandao iwe ruta. Inafanya kazi, nishawahi kuiona sehemu. Ila kompyuta ya namna hiyo inakula kama wati 80, ikiwaka masaa 24 kwa mwezi ni uniti 57 na kitu za LUKU, wakati karuta kadogo ka wati tatu hakafikishi hata uniti tatu. Mama aliposikia LUKU akasema hiyo kompyuta mpelekeni mtoto wa shule.

Kwahiyo tumebaki na redio mbili za juu ya paa, moja huku moja kule zinaangaliana. Sasa hapa ndo watu wengi wanapotelea, maana redio ni waya tu usioonekana, inaunganisha ila haitenganishi. Nikizifunga hivihivi, ruta ya duka inagawa IP zinazoanza na 192.168.1 na kale kazee ka godauni nako kanagawa 192.168.1, printa inaishia na .100 na NVR nayo .100, unapata ruta mbili zinagawa IP kwenye mtandao mmoja, kila mtu anachukua ya kwake na hakuna anayefanya kazi. Pia sitaki makelele yote ya godauni yavuke barabara kuja kwenye kompyuta za mauzo, na sitaki kijana wa stoo aweze kufungua kila kitu cha duka. Kwahiyo lazima iwepo ruta katikati, sabneti mbili (vipande viwili vya mtandao, kila kimoja na IP zake), na mi ndo naamua nini kinavuka.

Saa 5, mjini

Nimepita maduka kadhaa. Duka la kwanza jamaa kanitolea redio za 2.4 GHz, bei tamu kidogo. Nikawasha simu hapohapo nikamuonyesha, wifi zimejaa kama magunia ya mahindi sokoni Mbuyuni, na kwenye 2.4 chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Majengo ndo kubaya zaidi. Tukaenda 5 GHz.

Nikachukua TP-Link CPE510, mbili. Kwenye boksi wameandika megabiti 300 kubwa kabisa, muuzaji anaisoma kwa sauti, ila geuza kifaa chenyewe uangalie soketi, ni ya 10/100. Kwahiyo hata hewani zikipita 300, kwenye waya hutoki zaidi ya 100. Sio ubaya. Kamera za kawaida zinatumia kama megabiti nne kila moja, nane ni 32, na hizo zinarekodi kulekule godauni, zinavuka barabara pale tu mama anapofungua kuangalia. Programu ya mauzo yenyewe haifiki hata megabiti moja. Kuna jamaa pale dukani ananishawishi nichukue za gigabiti (megabiti 1000), nikamuuliza za kupitisha nini, akacheka.

Ruta nimechukua MikroTik hEX lite, ndogo, milango mitano ya kuchomeka waya, nayo 10/100. Ipo ndugu yake yenye gigabiti ila ukijumlisha inavuka laki nne, na redio zenyewe ni 100, ningekuwa nanunua barabara pana inayoishia kwenye daraja jembamba. Kinachonifurahisha kwa hizi ni kwamba kila mlango unaweza kuwa mtandao wake, kitu ambacho ruta nyingi za nyumbani hazikupi, pale milango minne ya LAN (mtandao wa ndani) ni kitu kimoja tu umeuziwa.

Waya sasa. Hapa msiwe na haraka jamani. Kaka wa duka kanikatia mita kadhaa, maandishi ya Cat6 yapo, ganda zuri jeusi la nje. Nikamwomba wembe, nikachuna ganda, nikachukua uzi mmoja nikaukwangua taratibu. Juu rangi ya shaba, ndani weupe. Alumini iliyopakwa shaba. Nikamuwekea kaunta aangalie mwenyewe. Kwa redio hizi umeme wenyewe unapanda na huohuo waya, alumini inapoteza umeme njiani, na ukiukunja mara mbili tatu unakatika. "Mbona wengine wanachukua hawalalamiki," ndo jibu alilonipa. Nikavuka duka la pili, nikakwangua, nyekundu mpaka ndani. Bei imezidi kidogo, nikalipa kwa M-Pesa nikaomba risiti, maana mama risiti lazima.

Saa 8 mchana

Ndizi nyama, maji, paa.

Mparachichi wa jirani uko katikati ya njia ukifunga kona ya kwanza ya paa. Wengine watakwambia majani tu hayo, ila majani yakilowa 5 GHz inateseka. Tukahamia kona ya pili, dogo akaenda godauni na redio ya pili, tunapigiana simu, "kushoto kidogo, umepitiliza, rudi, hapohapo shika." Zina taa za ishara nyuma, zote zikawaka. Kwenye laptopu nguvu ya mawimbi nasoma -41 dBm, ambayo kwa umbali mfupi hivi ni kupigiana kelele sikioni, nikapunguza nguvu ya kurusha mpaka ikakaa -54, hapo ndo raha.

Saa 10 jioni

Sehemu isiyo na picha nzuri. MikroTik ikitoka kwenye boksi milango ya 2 mpaka 5 imefungwa pamoja, kwahiyo kitu cha kwanza ni kuutoa mlango wa 3 kwenye hicho kifungu. Mlango wa 1 unaenda ruta ya intaneti, wa 2 duka nikaupa 192.168.10, wa 3 redio ya godauni 192.168.20. Karuta kazee ka godauni nimekazima kugawa IP, kamebaki kama swichi ya bure, laki nne imepumua. NVR na printa nikabadilisha IP zake. Sheria: duka linaingia godauni, godauni inaingia kwenye kompyuta moja tu ya duka, ile yenye programu, basi.

Kompyuta ya stoo ikagoma. Ruta inaiona kompyuta ya duka, stoo haiioni. Kijana wa stoo kashaanza kuniangalia vile. Hii ni Windows, kinga yake (firewall) kwa kawaida inaruhusu mafaili ya kushea kwa walio kwenye sabneti yake tu, na sasa stoo ni mgeni. Nikaongeza 192.168.20 kwenye sheria ya hiyo kinga. Na programu ilikuwa inaitafuta kompyuta ya duka kwa jina, jina lile linatafutwa kwa kupiga kelele mtandao mzima na kelele hazivuki ruta, nikaandika IP badala ya jina. Ikafunguka.

Saa 12 jioni

Nimekopi faili kubwa kutoka godauni kuja duka, inakwenda megabiti themanini na kitu. Mama kakaa kaunta, kafungua kamera, kamwona kijana wa stoo amekaa juu ya simenti anachati. Akachukua simu. "Wewe, shuka kwenye mifuko ya watu." Kijana anageuka geuka anatafuta anaonwa kutokea wapi, sisi huku mbavu hatuna.

Chenji imebaki elfu sita, mama kahesabu na risiti zote, kanirudishia ya boda. "Aika sana mwanangu." Kesho narudi na waya wa earth wa zile redio mbili, leo duka la umeme lilishafunga.

Saa 2 usiku

Meseji kutoka kwa kijana wa stoo: "Kaka naomba pasiwedi ya wifi ya godauni." Nimemjibu godauni haina intaneti, inaishia kwenye programu ya mauzo, akitaka zaidi amuombe mama.

Kimya mpaka sasa.