Neno moja la Mwingereza

Kisumu, Jumapili usiku

Mvua imeanza saa kumi jioni na bado haijachoka. Mabati yanapiga kelele hivi kwamba hata televisheni ya jirani haisikiki, na mezani pamefunguliwa Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare kuhusu vijana wawili wa Verona, Italia, wanaopendana ilhali nyumba zao, Montague ya Romeo na Capulet ya Juliet, ni maadui. Kila ukurasa una miviringo ya penseli. Miviringo yote imelizunguka neno moja: love. Mwingereza analo hilo tu, na Shakespeare amemgawia kila mtu. Baba analitumia, yaya analitumia, kasisi pia, na mchumba aliyekuja na baraka za wazazi. Hata adui aliyeshika upanga anatupiwa lilo hilo usoni. Kiswahili hakitoi ruhusa ya uvivu huo. Ukikaa kuitafsiri kwa ajili ya kikundi cha drama, kila mviringo unakuuliza: hili ni penzi gani?

Nyerere aliujua mtego huu. Ile tamthilia ya mfanyabiashara wa Venisi hakuiita ya wafanyabiashara wala ya wachuuzi. Ilitoka 1969 ikiitwa Mabepari wa Venisi, na msomaji akajua mtafsiri amesimama wapi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Ndivyo ilivyo kwa love. Ukiandika "mapenzi" tangu mwanzo hadi mwisho, utakuwa umeyaleta maneno Kisumu na kuiacha tamthilia kule Verona.

Nianze na Rosaline, anayependwa na Romeo kabla ya Juliet, maana wengi humruka. Haonekani jukwaani hata mara moja na hasemi lolote. Jina lake limo katika orodha ya waalikwa wa karamu, mpwa wa mzee Capulet, babake Juliet, na tunaambiwa kwamba ameapa kujitenga na wanaume. Romeo anamlilia kwa tanakuzi, maneno yanayopingana, zilizopangwa kama chupa za soda kwenye kreti: unyoya wa risasi, moshi mwangavu, moto baridi, afya gonjwa. Kijana amesoma mashairi mengi kuliko alivyopenda. Hapa ningeweka huba na ashiki, kwa sababu ya kienyeji kabisa: huku kwetu, kutoka Kibuye hadi Kakamega, hakuna anayetamka huba akinunua omena. Neno hilo makao yake ni vitabuni na kwenye taarabu ya pwani. Likitoka kinywani mwa Romeo, ukumbi utacheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kinachotakiwa. Vikundi vingi humfanya alie machozi ya kweli katika Tendo la 1. Akifika kaburini hana chozi jipya.

Halafu anakutana na Juliet, Tendo la 1, Onyesho la 5. Maneno yao ya kwanza ni soneti kamili, mishororo 14, wanayogawana wakiwa wameshikana viganja. Romeo anatoa minne, Juliet anajibu minne. Kisha mmoja wa Romeo, mmoja wa Juliet, miwili ya Romeo, mmoja wa Juliet, na wa mwisho wa Romeo, halafu busu. Minane kwa sita. Aliyewahi kughani ngonjera ataelewa papo hapo, ila hapa hakuna anayetaka kumshinda mwenzake. Tazama vina. Mishororo minne ya Romeo inapokezana vina viwili, na kimoja kinatua kwenye busu, mshororo wa pili na wa nne. Juliet angeweza kuja na vina vyake vipya vyote viwili. Analeta kimoja kipya tu. Kile cha busu anakirudisha, palepale kwenye mshororo wa pili na wa nne, na huku mdomoni anajifanya kumzuia: mahujaji, anasema, hubusiana kwa viganja tu. Mtafsiri akikipoteza kina hicho amempoteza binti mwenyewe. Kwa Kiswahili naona "mdomo" na "kikomo" vinaweza kuibeba kazi hiyo. Romeo avitumie, Juliet avirudishe.

Soneti ya pili wanaianza palepale. Wamefika mshororo wa nne tu, Yaya anaingia: mama anakuita.

Kuanzia hapo nisingewapa wawili hawa neno lolote la kitabuni. "Nakupenda" inatosha, na inazidi kutosha kadiri siku zinavyokwenda. Dirishani usiku ule Juliet ndiye anayetaja ndoa kwanza. Kama nia yako ni ya heshima, anasema, kesho niletee habari. Wanakubaliana saa tatu asubuhi. Anaposema anachotoa hakipungui, kama bahari, nimesikia hoja kwamba kwa hadhira ya Kisumu pawekwe ziwa. Hapana. Ziwa letu lina ng'ambo, na lina gugumaji. Na kwa walioanza kuchangisha pesa za mbao: neno roshani halimo popote katika tamthilia ya Shakespeare. Juliet yuko juu, kwenye dirisha, basi. Meza imara na khanga moja vinatosha.

Tamthilia inapinduka katika Tendo la 3, Onyesho la 1, na inapinduka kwa neno love, ingawa wasomaji wengi huziona panga tu. Ni Jumatatu mchana, joto kali. Ndoa ya siri ya Romeo na Juliet imefungwa. Romeo mwenyewe anasema Tybalt ni jamaa yake wa saa moja. Tybalt anamwita mwovu mbele ya watu. Romeo anajibu kwamba hajamkosea kamwe, kwamba anampenda kuliko Tybalt anavyoweza kuwazia mpaka atakapojua sababu, na kwamba jina la Capulet analithamini sawa na lake. Penzi gani hilo? La ukwe. Tybalt ni binamu ya Juliet, kwa hiyo sasa ni shemeji. Neno shemeji lingeumaliza ugomvi, na ndilo neno pekee asiloweza kulitamka.

Nimejaribu njia tatu. Ukiandika "ndugu yangu", hakuna kitu: kwenye stendi ya matatu kila mtu ni ndugu yangu. Ukiandika "shemeji", siri imemwagika na onyesho limekufa. Njia ya tatu ni kuiacha "nakupenda" uchi, mwanamume akimwambia mwanamume mwenye upanga, bila kupunguza. Ukumbi utaguna. Wacha ugune, kwa kuwa Mercutio, rafiki wa Romeo, amesimama pale akisikia vilevile unavyosikia ukumbi, na masikioni mwake huo ni woga wa aibu. Anachomoa upanga kumtetea rafiki ambaye hakuomba kutetewa. Romeo anaingia katikati, kwa upendo tena, na chuma cha Tybalt kinapita chini ya mkono wake.

Wapangaji wa jukwaa wasikilize hapa. Romeo lazima awe kati ya hao wawili kabisa, mkono wa upande wa hadhira ukiwa umeinuliwa, na upanga upite kwapani mwake. Akisimama pembeni, itaonekana Tybalt ameshinda kwa ufundi, na swali la Mercutio, kwa nini uliingia katikati yetu, halitakuwa na maana. Jibu la Romeo ni fupi mno: alidhani anafanya jema. Mercutio hamwambii Romeo kwamba anampenda, hata mara moja. Anamtania, anamkejeli, anamfia. Naye si wa Montague wala wa Capulet, ni jamaa ya mtawala wa mji; ugomvi haukuwa wake.

Muda mfupi baadaye, Romeo anaulaumu uzuri wa Juliet kwa kumlegeza. Mstari huo hukatwa mara nyingi ili kijana abaki mwema. Usikatwe. Penzi la asubuhi limeshageuka kisingizio, Romeo anamuua Tybalt, na anafukuzwa mjini.

Sasa Yaya. Neno la Kiingereza, Nurse, lina tope la kuteleza: mwanafunzi akilikuta peke yake anaandika nesi, na siku ya maonyesho anaingia mama mwenye sare nyeupe. Ni yaya, tena zaidi ya yaya, kwa sababu alimnyonyesha Juliet. Alikuwa na binti yake, Susan, wa umri uleule, akafa. Maziwa ya Susan yakawa ya Juliet. Shakespeare anayapitisha haya kwa mishororo michache, katikati ya porojo ndefu ya kuchekesha, kisha Yaya anaendelea na kisa cha kumwachisha mtoto ziwa miaka 11 iliyopita, siku ya tetemeko la ardhi: alivyopaka pakanga kwenye chuchu, mtoto akaonja, akaligombeza titi. Kina mama wa huku hawahitaji maelezo. Wengine wetu ni pilipili, wengine shubiri. Na msomaji wa Biblia atakumbuka ile nyota chungu ya Ufunuo iliyoitwa Pakanga. Mwigizaji akifika kwenye jina la Susan asilie. Avute pumzi moja, aendelee kucheka.

Hadhira ya Kisumu itamwona pia kama jagam, yule mshenga wa Kijaluo, na si vibaya. Tofauti ni kwamba jagam anajulikana pande zote mbili, na mwisho wa safari ipo pesa ya ayie mkononi mwa mama wa binti, neno ambalo lenyewe ni "nimekubali". Hapa mama hajui lolote. Romeo anamtolea Yaya pesa kwa taabu yake. Anakataa katakata, Romeo anasisitiza. Chai ni chai. Halafu anaondoka na ujumbe.

Ndiyo maana alfajiri ya Jumanne inauma. Baba amefoka na kuondoka, mama amesema hataki tena kusikia neno, na Juliet anamgeukia aliyemnyonyesha: nifariji. Yaya anamshauri aolewe na Paris, yule mchumba aliyekubaliwa na wazazi. Romeo, anasema, ni tambara la kupangusia vyombo mbele ya bwana huyu. Watu humwita msaliti. Mimi naona hapa anapenda kwa namna ileile ya siku zote: mtoto awe hai, awe na paa, ale. Mume wa kwanza yuko uhamishoni, sawa na maiti. Wa pili yuko mlangoni. Juliet anamuuliza, hayo yatoka moyoni? Na rohoni pia, la sivyo vyote viwili vilaaniwe. Juliet anasema: Amina.

Yaya hasikii vizuri, au hataki kusikia. "Nini?" anauliza. Juliet anamwambia amemfariji sana. Tangu hapo hamwambii ukweli tena. Kwa Yaya ningetumia "upendo" Jumapili nzima, na Jumanne hiyo nisingelitumia kabisa, neno likosekane kama meno ya mbele.

Kuhusu mzee Capulet sitakawia. Jumapili anamwambia Paris asubiri miaka miwili, na kwamba ridhaa ya binti ndiyo kubwa, yake ni sehemu tu. Watoto wake wengine wote amewazika. Jumatatu usiku, Tybalt akiwa amekufa, anamtoa Juliet bila kumuuliza, arusi Alhamisi. Jumanne anamwambia akikataa akaombe, afe njaa barabarani, kisha anaivuta arusi hadi Jumatano. Katika utenzi wa Arthur Brooke wa 1562, ambao Shakespeare aliutumia, Juliet ana miaka 16 na mambo huchukua miezi. Shakespeare amemshusha chini ya 14 na kubana yote ndani ya siku tano hivi. Shule yoyote ya sekondari ina wasichana wakubwa kuliko huyo, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka miaka 18. Mwalimu aliseme hilo waziwazi kabla ya zoezi la kwanza.

Paris naye anaonewa. Vijana humpa kicheko cha jambazi wa filamu. Lakini amefuata kila utaratibu: amebisha mlango, ameongea na baba, ameleta maua usiku kaburini kwa Juliet anayedhaniwa amekufa. Kasoro yake imo katika sentensi moja, pale anapomwambia Juliet kwamba uso huo ni wake, yaani wa Paris. Anakufa akiomba alazwe karibu na Juliet, na Romeo anamtimizia. Kasisi aliwafungisha ndoa Romeo na Juliet ili nyumba mbili zipatane; pale kaburini anasikia walinzi wanakuja na kumwacha binti peke yake na maiti wa Romeo na Paris. Mwigizaji wake aondoke mbio.

Ukurasa mmoja nimeupekua mara mbili usiku huu nikidhani nimeuruka. Ni wa mama yake Romeo. Ana mishororo mitatu katika tamthilia nzima, yote katika onyesho la kwanza: mmoja wa kumzuia mumewe asiende kupigana, miwili ya kuuliza Romeo yuko wapi, na kushukuru kwamba hakuwamo katika vurugu. Mwishoni kabisa, kati ya maiti wa vijana, mzee Montague anatangaza kwamba mkewe amefariki usiku huohuo. Huzuni ya mwana kuhamishwa imemkata pumzi. Waigizaji wakiwa wachache, mama huyu ndiye wa kwanza kuondolewa kwenye orodha. Kwenye mishororo yake mitatu penseli haikupata cha kuzungushia.