Keki za kina bibi wa Glasgow na uji wa shuleni Malawi

Mtu akiniuliza Waskoti ni watu wa namna gani simwambii habari za kilti wala mvua. Namwambia Jumamosi asubuhi ingia ukumbi wowote wa kanisa hapa Glasgow, utakuta meza zimetandikwa, birika kuubwa la chai linachemka, na kina bibi wamevaa aproni wanauza keki kwa ajili ya watoto ambao hawajawahi kuwaona na hawatakaa wawaone. Wenyewe wanaita kofi moning japo wengi wanakunywa chai. Unalipa mlangoni pauni mbili tatu, unakaa, unakula, unapiga stori, ukiondoka umeshachangia na hujasikia kama umechangia.

Mi ni mtu wa Kyela. Kwa wasiojua, kwetu ukivuka mto Songwe pale Kasumulu ushafika Malawi, na ng'ambo huko watu wa Karonga ukiwasalimia Kinyakyusa wanakuitikia vizuri tu. Ziwa ni letu sote (sisi Nyasa wao Malawi, tusianze ule ugomvi hapa). Sasa fikiria nimefika huku, mara ya kwanza nakaribishwa kwenye hizo keki, naangalia bango ukutani limeandikwa Malawi. Nikasema ala, hawa si majirani zangu? Alafu nikaja kugundua huku kila mtu anaijua Malawi, hata kondakta wa treni, Tanzania wanajua Serengeti na Zanzibar basi. Sababu yenyewe ni ya zamani, David Livingstone, yule mmisionari msafiri aliyefika mpaka ziwa letu, alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, mji mdogo tu hapa jirani na Glasgow, na jiji la Blantyre kule Malawi limepewa jina la hapo kwao. Wamisionari wa Kiskoti wakaenda wakafungua misheni ya Livingstonia mwaka 1875, na mwaka 2005 serikali ya Scotland na ya Malawi zikasaini makubaliano ya ushirikiano. Kwaiyo ni undugu wa muda mrefu, una mambo yake mazuri na una mambo yake ya kikoloni, ila upo.

Hela za ukumbi huo wa kwanza zilikuwa zinaenda Mary's Meals, shirika la hisani la kulisha watoto shuleni, na nadhani huku Scotland ukitaja kuchangia watoto wa nje hilo jina halikosi. Hawa walianzia Dalmally, kijiji cha milimani huko Argyll. Jamaa mmoja anaitwa Magnus MacFarlane-Barrow, alikuwa mfuga samaki, mwaka 1992 yeye na kaka yake walipakia vyakula na mablanketi kwenye Land Rover wakaendesha mpaka Bosnia wakati wa vita, wakidhani watarudi kazini yaishe. Waliporudi wakakuta watu wameendelea kuleta vitu, banda la baba yao limejaa. Miaka 10 baadae, 2002, njaa imeikamata Malawi, akakutana na familia moja mama anakufa kwa UKIMWI na watoto sita wamemzunguka, akamuuliza yule kijana mkubwa wa miaka 14 anataka nini maishani, kijana akajibu anataka chakula cha kutosha na siku moja aende shule. Basi. Hapo ndo lilipotoka wazo la kuwapa watoto chakula shuleni hapo hapo, ili anaefuata chakula akutane na darasa. Walianza na watoto 200 mwaka huo huo, sa hivi wanalisha zaidi ya milioni 2 kila siku ya shule, Malawi, Zambia, Liberia, Haiti, hata Kenya kule Turkana.

Ila mi leo nataka kuongelea hizi shughuli zenyewe, manake ukikaa jikoni kwa hao kina bibi unajifunza vitu ambavyo hamna bango linasema.

Kwanza keki haziuzwi kiholela. Nilipoambiwa nilete kitu cha kwetu nikapika vitumbua, mchele nimeloweka usiku, iliki ya kutosha, nimefika navyo vya moto najisifu moyoni, bibi mmoja akaniuliza mpenzi lebo iko wapi. Lebo gani tena. Kumbe lazima uandike ndani kuna nini, ngano, maziwa, mayai, karanga, ili mwenye mzio asije akafia ukumbini kwa ajili ya hisani. Tukaandika kwa kalamu ya rangi kwenye kadi, nazi, mchele, hamira, iliki, na bibi akaamua bei ni penny 50 kimoja. Mi nikasema ni ghali, Kyela kwa hela hiyo unakula mpaka unachoka, akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto mzembe akasema tukiuza rahisi watu wanadhani si vizuri. Viliisha kabla ya skoni! Nilijisikia raha ambayo sijui niiseme vipi. Kitu pekee kilichonishinda kuuzia watu ni ile tableti yao, ni sukari, siagi na maziwa ya kopo imechemshwa mpaka igande, ukiuma kipande meno yote yanaamka, lakini ndo inatoka kuliko vyote.

Alafu kuna bahati nasibu ya tiketi, hii ndo inaleta hela kweli. Tiketi za karatasi zile za rangi, zawadi zimepangwa mezani, chupa ya mvinyo, chokleti, mishumaa, sabuni za kuogea kwenye boksi lenye utepe. Sasa hizo sabuni jamani, mi naamini kuna boksi moja linazunguka Glasgow nzima, mtu analishinda anaenda kulitoa kanisa lingine, mwingine analishinda tena, hamna aliewahi kulifungua. Kuna chupa ya peremende ubashiri ziko ngapi, kuna keki ubashiri uzito wake. Wanaume wanajifanya hawajali ila ukiwaangalia wanaipima ile keki kwa macho kama wananunua ng'ombe mnadani.

Na kuna kitu kinaitwa Gift Aid ambacho ningependa na kwetu kingekuwepo. Kama wewe ni mlipa kodi na umetoa sadaka yako ya pauni moja, ukijaza fomu ndogo serikali inaongezea penny 25 juu kutoka kwenye kodi uliyoshalipa. Lakini ukinunua keki au tiketi hapana, kwa sababu umepata kitu. Kwaiyo mhasibu wao, bibi wa miaka themanini na kitu ambae hesabu zake hazikosei, ana mabakuli mawili mlangoni, la sadaka na la keki, na ole wako uchanganye.

Keki ni mwanzo tu. Kuna ceilidh, ngoma zao za usiku zenye fidla na kodiani, watu wanashikana mikono wanazunguka mpaka jasho, unaenda peke yako unarudi umecheza na ukumbi mzima. Kuna tarehe 25 Januari wanakumbuka mshairi wao Robert Burns, wanakula haggis (maini, moyo na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na viungo) na viazi, unalipia sahani. Kuna kutembea kwa udhamini, watu wanafunga viatu wanatembea West Highland Way kilomita 154 kutoka Milngavie mpaka Fort William na kila rafiki kaahidi chochote. Mzee mmoja hapa mtaani alinyoa ndevu alizofuga tangu ujanani, watu wakachanga kumwona kidevu, mke wake ndo alichangia kubwa kuliko wote. Watoto wa shule wanadhaminiwa kukaa kimya siku nzima, na wazazi wanalipa kwa furaha kabisa ukiniuliza mi!

Stori ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 2012. Binti wa miaka 9 huko huko Argyll alikuwa na blogu anapiga picha chakula cha shuleni kwake na kukipa maksi, sahani ina kipande cha piza na kroketi moja ya kiazi, dunia nzima ikaanza kusoma. Na alikuwa ameweka kiungo cha kuchangia watoto wa Mary's Meals. Halmashauri ikamkataza kupiga picha, ebwana wee, watu wakachukia, siku hiyo hiyo michango ikaanza kumiminika mpaka ikapita pauni 100,000, halmashauri ikarudi nyuma na kule Malawi likajengwa jiko la shule. Mtoto analalamikia kroketi moja, wengine wanapata uji.

Sasa nisiseme kila kitu ni kizuri. Kuna siku waliniomba nisimame niwaambie watu njaa ikoje. Walikuwa na nia nzuri, hawa ni watu wanaonipenda, ila nikawaza nitawaambia nini, mi nimekulia Kyela, mpunga, ndizi, mbasa wa ziwani, maparachichi yanaoza chini ya mti. Shida tulikuwa nazo nyingine nyingi ila sio hiyo. Kwa macho ya baadhi ya watu ukishakuwa mweusi mwenye lafudhi wewe ni shahidi wa kila njaa ya Afrika tangu Ethiopia ya 1984. Nikasimama nikawaambia ukweli huo huo, kwamba njaa siijui, ninachojua ni kukaa darasani saa nne asubuhi nanusa uji wa walimu unaiva ofisini na sisi hatupati. Wakacheka, na wakaelewa. Na picha ya mtoto analia na nzi usoni niliomba isiwekwe mezani, wakaitoa bila ubishi, wakaweka ya watoto wameshika vikombe wanacheka. Mauzo hayakushuka hata kidogo.

Kinachouza hasa ni namba. Mlangoni wanaandika kwa maandishi makubwa £19.15, maana miaka ya karibuni hiyo ndo gharama ya kumlisha mtoto mmoja mwaka mzima wa shule. Mwaka mzima! Kwaiyo ukumbi ukikusanya pauni 383 watu wanajua wamelisha watoto 20, na Jumapili inayofuata inatangazwa mpaka penny ya mwisho. Namba hiyo ni ndogo hivyo kwa sababu mbili ambazo watu wa huku huwa hawazioni. Unga wa Malawi, likuni phala wanauita, mahindi na soya umeongezewa vitamini, sisi tungesema uji wa lishe, unanunuliwa kule kule Malawi haupandi meli. Na ya pili, wapishi hawalipwi. Ni wazazi wa wale watoto, wengi kina mama, wanapeana zamu, mtu anaamka giza, moto, maji, sufuria la kulisha mamia ya watoto, anakoroga na mwiko mrefu mpaka mabega yanauma, akimaliza ndo anaenda shambani kwake. Ni makumi ya maelfu ya watu Malawi nzima. Ukipiga hesabu ya kazi yao kwa hela, mchango wa kina bibi wa Glasgow na vitumbua vyangu unakuwa mdogo mno, na kama mtu anastahili kusimama mbele ya ukumbi ashangiliwe ni wale, ila wao hamna anaewanunulia tiketi ya ndege.

Nilipowaambia hivyo jikoni hamna aliekasirika. Bibi wa mabakuli akasema anajua, na yeye anaamka giza kuoka.

Kitu kinachonisumbua ni sisi wenyewe. Mi niko kwenye magrupu ya WhatsApp ya harusi yasiyopungua matatu muda wote, kamati, mwenyekiti, mhazini, orodha ya ahadi inapandishwa kila jioni na jina lako halina tiki. Kadi ya dabo ukitoa laki na nusu umejitahidi tu. £19.15 kwa shilingi ni elfu sitini na kitu, kadi moja ni watoto wawili na chenji. Siwasemi vibaya wenye harusi, na mi walinichangia nikashona gauni la pili. Nasema mitambo tunayo. Hamna taifa linaweza kutushinda kukusanya hela kwa wiki sita, kwa vitisho vya kirafiki, kwa ajili ya ukumbi na MC. Shule ya msingi niliyosoma uji wa mchana bado ni mchango wa wazazi, mwenye nacho mtoto wake anakunywa, asie nacho anacheza mpira mpaka wenzake wamalize. Nimeshaandika kwenye grupu la tuliosoma pale, mpaka sasa wamejibu kwa emoji za mikono imeunganishwa na mmoja ameuliza kama kutakuwa na tisheti.

Mtu wa huku anaetaka kuanzisha kitu kwa shule ya kwao, nilichoambiwa na bibi wa mabakuli ni hiki. Usikusanye kwenye akaunti yako binafsi hata kama unaaminika, fungua akaunti ya saini mbili. Ukitaka kujiita shirika la hisani hapa Scotland lazima usajiliwe na OSCR, ofisi inayosimamia mashirika ya hisani, na kila mwaka upeleke hesabu, ni makaratasi ila bila hayo Gift Aid huipati. Bahati nasibu ya papo hapo ukumbini haihitaji leseni. Na usianze na ukumbi mkubwa, anza na chai sebuleni.

Kina bibi wana ceilidh nyingine kabla ya Krismasi, safari hii mimi ni meza ya chapati na lebo nimeshaandika. Mlioko Glasgow na Edinburgh mnione inbox niwape tarehe. Mje na viatu vya chini, na yeyote atakaeshinda lile boksi la sabuni naomba alifungue.