Gari la plastiki lililokuwa likinuka

Mwanzoni nilimsingizia paka. Kila mwanangu alipolisukuma gari lake la plastiki kupita barazani, nyuma yake ilifuata harufu ya maji yaliyolala. Nikaliosha kwa sabuni, likatakata. Kesho yake likanuka vilevile. Nikaliosha tena. Siku ya tatu nikalipindua niangalie gurudumu lililokuwa linakwaruza, nikasikia ndani kitu kinamwagika kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kumbe gari lilikuwa limebeba maji.

Vichezeo vingi vikubwa vya plastiki viko wazi ndani kama mtungi. Mvua huingia kupitia tundu la ekseli au penye kiungo, halafu haina pa kutokea. Nilipoyamwaga yale maji yalikuwa meusi, na viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajinyonganyonga humo. Kukiwa na joto la kutosha, yai la mbu huwa mbu anayeruka kwa muda wa kama wiki moja hadi siku kumi. Basi mimi nilikuwa nafuga mbu huku nasugua nje ya banda lao.

Nilichukua kekee, nikatoboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa, mbele na nyuma, nikalainisha kingo kwa msasa ili zisimkwaruze mtoto. Ndani nikasuuza kwa maji yenye klorini kidogo, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, nikayaacha kwa dakika kadhaa, nikamwaga, nikasuuza tena kwa maji matupu mpaka harufu ya dawa ikaisha. Nikaliegemeza ukutani likauke. Hapo nusura nifanye ujinga: nilitaka kuongeza siki nikidhani itasaidia kuua ukungu. Klorini na siki havichanganywi hata siku moja, hutoa gesi inayounguza mapafu.

Nje ya gari nako nilikuwa nimeshaharibu. Ule ukijani unaoota upande wa kivulini niliusugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Ulitoka, naam, ila plastiki ikabaki na michubuko, na sasa uchafu unanasa humo humo kuliko mwanzo. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini vingetosha, na kwenye pembe mswaki wa zamani. Kinachohitajika ni kuiacha sabuni ilowe kwanza, na mimi subira sina.

Mtelezo wa mwanangu sikuweza kuuokoa. Ulikuwa umekaa juani miaka mingi, ukiupangusa kwa kiganja unabaki na unga. Plastiki ikifika hapo imekauka, haipindi tena, inapasuka. Kando ya skrubu kulikuwa na nyufa nyembamba. Nikajaribu gundi mbili tofauti, zote zikabanduka kama ngozi ya kidonda, maana plastiki ya aina ile haishiki gundi. Nikaukata vipande ili asiutoe jalalani na kuupanda tena. Alilia sana.

Kilichonitisha zaidi ni bembea, na niliigundua kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa na ndoo mkononi na nikasema nipanguse na minyororo. Ile ndoano ya juu, pale chuma kinapokutana na chuma, ilikuwa imelika mpaka ikabaki kama nusu ya unene wake. Kwa chini huwezi kuona, lazima upande. Nikabadilisha ndoano zote mbili, nikakaza nati kwa spana, na palipokuwa na kutu nikapiga brashi ya waya kisha rangi ya kuzuia kutu. Sasa kila nikiiosha naipanda kwanza mimi mwenyewe na uzito wangu wote, majirani wacheke wakitaka.

Mchanga wa kuchezea naufunika kwa turubai jioni. Hapo paka kweli ana kesi ya kujibu.

Gari halinuki tena. Ila mvua ikinyesha, linapita barazani likichuruzika kupitia yale matundu yangu, likiacha michirizi miwili mpaka mlangoni, na mama mtu ananiuliza kama hii ndiyo niliyoiita kutengeneza.