Pua Yangu Haipati Tone Hata Moja

Uso wangu ni wa watu wawili. Mashavu ni makavu yanachubuka, pua na paji la uso vinameremeta hata kabla sijamaliza kuvaa. Miaka yote naambiwa mwenye ngozi ya mafuta akipaka mafuta anajitafutia chunusi. Basi nikawa naosha uso kwa sabuni mara nne kwa siku. Mashavu yakapasuka, pua ikaendelea na mambo yake.

Ndipo shangazi yangu, ambaye hajawahi kuota chunusi maishani (hilo peke yake lilipaswa kunishtua), akaniambia nipake mafuta ya nazi, mengi, kila usiku. Nikatii. Nilijipaka kama najiandaa kukaangwa. Usiku wa kwanza foronya ililowa, wa pili nikajiona malkia, na wiki mbili hazijaisha paji la uso limejaa vipele, ukipitisha kidole unadhani unasoma nukta nundu. Shangazi akasema, "Huo ni uchafu unatoka, mwanangu, zidisha." Nami, kwa akili zangu timamu, nikazidisha! Mdogo wangu akanipiga picha bila ruhusa na hatukuongea siku tatu. Mafuta ya nazi ni mazito, kwa ngozi nyingi za aina yangu huziba vinyweleo. Shangazi yanamfaa.

Nikahamia jojoba, mafuta ya mbegu za kichaka cha jangwani. Kiukweli ile ni nta ya majimaji, na inakaribiana na mafuta ambayo ngozi inayatoa yenyewe, kwa hiyo haikukaa usoni kama utando. Kachupa kalinikera bei, hela ya kopo zima la losheni, ila kalidumu miezi.

Sasa siri ambayo hakuna aliyenipa: uso uwe umelowa. Mafuta hayana maji ndani yake, kazi yake ni kuzuia unyevu uliopo usitoroke. Ukipaka usoni pakavu umezuia nini? Mimi nanawa, sijifuti, natia matone matatu kiganjani, nasugua viganja, kisha nakandamiza mashavu, halafu shingo. Kinachobaki mkononi, ambacho ni kama hakuna, ndicho kinagusa paji la uso. Pua inapita patupu, na haijalalamika.

Dada yangu mkubwa, mkavu mwili mzima, anatia matone matano ya argani, mafuta ya mbegu za mti wa Moroko, kwenye losheni yake. Mdogo wangu (tulipatana) ngozi yake inawasha kwa kila chenye manukato, kwa hiyo hujaribu kwanza nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Kaka mwenye chunusi anatumia skwaleni, mafuta mepesi sana, usiku tu, na akizidisha tone mimi ndiye ninayelaumiwa.

Asubuhi nimeacha kupaka mafuta. Niliwahi kuyapaka juu ya krimu ya kukinga jua, ikajiviringa usoni kama makombo ya kifutio, nikaenda nayo hivyo hivyo kazini. Na mafuta ya mbegu za zabibu msiyaweke dirishani. Yangu yalichacha, yakanuka kama karanga za mwaka juzi, na kwa ubahili nikayatumia siku mbili zaidi hadi uso ukawasha.

Juzi shangazi kanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akatabasamu. "Unaona? Yale ya nazi yameanza kufanya kazi."